Gia ya pili kwa wanaopanda milima kwa baiskeli

Nyamirambo ni mtaa wa Kigali ambao mgeni kutoka Tanga au Bukavu hapati taabu ya lugha. Kiswahili kimeweka makao pale tangu enzi za ukoloni, na anayeagiza chai na chapati kwa Kiswahili hujibiwa kwa Kiswahili. Ndani ya mtaa huo kuna kipande cha barabara ya mawe chenye urefu wa mita 400 tu, wenyeji wanakiita Kwa Mutwe. Mwinuko wake ni wastani wa asilimia 11. Kwa kila mita 100 za barabara, mtu anapanda mita 11 kwenda juu, karibu sawa na kupanda nyumba ya ghorofa tatu. Anayekwenda kwa miguu hapo huanza kuhema kabla hajafika katikati.

Septemba 28, 2025, waendesha baiskeli bora wa dunia walipita Kwa Mutwe. Ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Watu walijaa juu ya mapaa, juu ya kuta, kwenye miti. Mbio za wanaume zilikuwa na kilomita 267.5, na ukijumlisha miinuko yote ya siku ile unapata zaidi ya mita 5,400 za kupanda. Kilimanjaro ina mita 5,895. Wanaume hao walipanda karibu Kilimanjaro nzima kuanzia usawa wa bahari, ndani ya siku moja, katika mji ambao wenyewe uko kwenye mita 1,500 hivi ambako hewa ni nyepesi.

Walioanza walizidi 160. Waliofika mwisho ni 30.

Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Alilikimbia kundi kuu kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, na kilomita 66 za mwisho alikwenda peke yake. Siku moja kabla, mbio za wanawake, zilizokuwa za kilomita 164.6, zilichukuliwa na Magdeleine Vallieres wa Kanada ambaye wachache walimtaja kabla ya mbio. Wiki ile nzima Kigali ilikuwa uwanja, na Afrika Mashariki ilikuwa na haki ya kujivunia.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikuzungumzwa vya kutosha, nalo ndilo kiini cha makala haya. Baiskeli zile zilizopanda Kwa Mutwe zilikuwa na gia. Baiskeli wanazotumia watu wa milimani kila siku kubeba viazi, ndizi, mkaa, maziwa na abiria, kwa sehemu kubwa hazina.

Kiswahili kinasema kunyonga baiskeli. Wanyarwanda nao husema kunyonga igare, na kijana anayebeba abiria kwa baiskeli anaitwa umunyonzi, neno lililotoka katika kitenzi hicho hicho. Baiskeli ya umunyonzi haina tofauti kubwa na ile iliyozoeleka Tabora, Kisumu au Uvira: fremu nzito ya chuma, keria pana nyuma, matairi ya inchi 28, na cheni inayotoka gurudumu moja la meno mbele kwenda friwili moja nyuma. Wakenya waliipa jina la Black Mamba. Watanzania wa umri fulani wanaikumbuka kwa majina ya Phoenix na Swala. Ni chombo cha kuheshimiwa. Kimesomesha watoto, kimepeleka wagonjwa zahanati, kimejenga nyumba. Ila muundo wake ni wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na meno yake yalipangwa kwa ajili ya barabara tambarare.

Hesabu yake mtu anaweza kuifanya akiwa amekaa kwa fundi baiskeli chini ya mwembe. Baiskeli nyingi za aina hii zina meno kama 44 mbele na 18 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, tairi la inchi 28 husogea mbele kama mita 5.4. Kwa tambarare ni sawa kabisa: mtu ananyonga taratibu, baiskeli inateleza. Sasa mweke kijana wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 20 yenye gunia la kilo 100, kisha mwelekeze Kwa Mutwe. Mlima unamvuta kurudi nyuma kwa nguvu ya kilo 20 hivi. Ili kila mzunguko wa pedali umpeleke mita 5.4 dhidi ya mvuto huo, mguu wake lazima ukandamize kwa wastani wa nguvu ya kilo 100, mzunguko mzima, bila kupumzika. Yeye mwenyewe ana kilo 65. Hata akisimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, baiskeli haitapanda.

Kwa mwanamichezo hesabu inakuwa nyingine kabisa. Baiskeli yake ina kilo 7 hivi. Sheria za mchezo haziruhusu ipungue kilo 6.8. Akiweka meno 40 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unampeleka mita 2.5 tu. Kwenye mwinuko ule ule anahitaji kukandamiza kwa wastani wa kilo 19 hivi. Ana nguvu nyingi kuliko watu wote, amefanya mazoezi miaka mingi, na bado mafundi wake wanamtafutia gia nyepesi ili miguu isivunjike. Mwenye gunia la viazi tumemwachia gia ya tambarare.

Ndiyo maana anashuka na kusukuma. Anayetaka kumwelewa amtazame kwa karibu. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeshika keria au fimbo iliyofungwa nyuma ya siti, bega limelala kwenye gunia, miguu imerudi nyuma kama ya mtu anayesukuma gari lililokwama. Hatua kumi, anasimama. Anaweka jiwe nyuma ya tairi ili baiskeli isirudi. Anafuta jasho la machoni, anatoa jiwe, hatua kumi nyingine. Akifika kileleni hana furaha ya kuteremka, kwa sababu breki za chuma zimekwisha na mzigo unamsukuma. Anaburuza soli ya kandambili juu ya tairi hadi mpira unanuka.

Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama inaonyesha tatizo hili katika sura yake ya kutisha zaidi. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, chini kidogo ya mita 800. Bugarama iko juu ya mita 2,000, umbali wa kilomita 35 hivi. Vijana wanateremsha mikungu ya ndizi kutoka milimani hadi mjini, baiskeli moja ikibeba mzigo ambao ungeijaza kirikuu nusu. Wakishauza, wanapaswa kurudi juu. Wanasubiri lori mahali linapopunguza mwendo, wanadaka chuma cha nyuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili kwenye usukani, na lori linawavuta. Wakati mwingine wanne au watano wananing'inia nyuma ya lori moja, moshi mweusi ukiwapiga usoni, lori likiyumba kwenye kona. Akiteleza mmoja, nyuma yake kuna gari jingine.

Watu wamekufa kwa mchezo huo, na polisi wana haki ya kuukataza. Lakini vijana wale si wajinga. Wamepiga hesabu ile ile ya meno 44 na 18, kwa miguu badala ya kalamu, wakaona jibu lake. Hata mabingwa wamewahi kushawishika: mwaka 2015 Mwitaliano Vincenzo Nibali, aliyekuwa ameshinda Tour de France mwaka mmoja tu kabla, alifukuzwa katika mashindano ya Hispania kwa kushika gari la timu yake likamvuta. Yeye alifukuzwa mbioni akarudi nyumbani. Kijana wa Bugarama akizuiwa bila kupewa njia nyingine, nyumbani hakuna cha kurudi nacho.

Historia ya mchezo wenyewe inatoa ushahidi mzuri kuliko hoja yoyote. Tour de France ilipovuka milima mirefu ya Pirenei kwa mara ya kwanza mwaka 1910, wanamichezo walikuwa na baiskeli nzito za gia moja, na barabara zilikuwa za kokoto. Octave Lapize, aliyekuja kushinda mashindano ya mwaka ule, alishuka akasukuma kama msukuma viazi. Alipowaona waandaaji njiani aliwaita wauaji. Miaka mingi baada ya hapo sheria iliendelea kukataza gia za kubadilisha. Mpandaji alifika chini ya mlima, akasimama, akafungua nati za tairi la nyuma, akaligeuza ili atumie friwili yenye meno mengi iliyokuwa upande wa pili, akafunga tena na kuendelea. Kileleni alirudia kazi hiyo hiyo. Henri Desgrange, mwanzilishi wa mashindano, aliona gia ni za wazee. Ilikuwa mwaka 1937 tu, baada ya yeye kuachia usukani, ndipo mashine ya kubadilisha gia iliporuhusiwa kwa wote.

Mwaka 1937! Bingwa wa Ulaya aliyekuwa akishindana kwa kombe na fedha aliondolewa adhabu ya gia moja karibu miaka 90 iliyopita. Na si kwamba gia zilikuwa hazijavumbuliwa kabla ya hapo. Waingereza walikuwa wakiuza gia tatu za Sturmey-Archer, zilizofichwa ndani ya kitovu cha tairi, tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Wapo watakaosema kwamba mtu wa Afrika Mashariki ameshazoea, ana mapafu ya milimani, na hiyo inatosha. Mapafu anayo kweli. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, alijifunza kupanda miinuko akiwa kijana huko Kikuyu chini ya mwalimu wake David Kinjah, na baadaye akashinda Tour de France mara 4. Mwaka 2015, Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa fulana nyeupe yenye madoa mekundu ya mfalme wa milima katika mashindano hayo. Adrien Niyonshuti, Mnyarwanda aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari ya 1994, aliendesha baiskeli ya milimani katika Olimpiki ya London 2012. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika huko kwa gia moja. Vipaji vilivyobaki milimani vinatumika kusukuma.

Hoja nzito zaidi ni ya mafundi, na inastahili kusikilizwa. Wanasema gia za kubadilisha kwa mashine ile inayoning'inia nyuma hazivumilii kazi yetu. Vumbi linaingia, tope linakauka, gunia linaigonga, inapinda, cheni inaruka. Kipuri hakipatikani Kayanza wala Kasulu, na kikipatikana ni ghali. Ni kweli kabisa. Baiskeli nyingi za mitumba zinazokuja na gia 18 au 21 huishia kufungwa kwenye gia moja baada ya miezi michache, na kebo zake kutumika kufungia kuni. Fundi anayefanya hivyo anajua kazi yake.

Lakini jibu la hoja hiyo lipo, tena limeshajaribiwa hapa hapa. Kuelekea mwisho wa mwaka 2005, mtengenezaji wa baiskeli wa Marekani Tom Ritchey alitembelea Rwanda akaona wakulima wa kahawa wakisukuma magunia kwenda kwenye mitambo ya kuosha. Kahawa mbichi haisubiri; isipomenywa siku ile ile ubora hushuka, na bei hushuka nao. Akabuni baiskeli ndefu ya mizigo yenye gia kwa ajili ya wakulima hao. Miaka ya karibuni, watengenezaji wa baiskeli za Buffalo, ambazo huunganishwa pia Kisumu, wametoa aina yenye gia mbili isiyo na mashine ya kuning'inia kabisa. Ina cheni mbili na friwili mbili. Mtu akitaka kubadilisha gia anakanyaga pedali kinyumenyume kidogo, kisha anaendelea mbele. Hakuna kebo ya kukatika wala kifaa cha kupinda. Fundi wa kijijini anayejua cheni na friwili anajua karibu kila kitu kinachohitajika.

Gia mbili tu. Mtu anaweza kuuliza zitasaidia nini mahali pa asilimia 11, na kwa gunia la kilo 100 Kwa Mutwe jibu ni kwamba bado atashuka. Lakini barabara nyingi za milimani si Kwa Mutwe. Kutoka Mombo hadi Lushoto barabara hupanda karibu mita 1,000 katika kilomita 33 hivi. Wastani wake ni asilimia 3, na sehemu kali zinazidi hapo. Kwenye mwinuko wa asilimia 5, kijana wetu mwenye gunia anahitaji kukandamiza pedali kwa wastani wa kilo 47 akiwa na gia ya kawaida. Atakwenda mita mia moja, mia mbili, kisha atashuka. Mpe gia iliyo nusu ya hiyo, nguvu inayohitajika inashuka hadi kilo 23 au 24. Atakwenda polepole, lakini atakwenda akiwa amekaa, na atafika sokoni kabla mboga hazijanyauka.

Barabara nazo zina neno lake. Anayepanda kwa kilomita 6 kwa saa hawezi kwenda mstari ulionyooka. Baiskeli polepole huyumba, na mwenye mzigo hulazimika kukata kushoto na kulia ili kupunguza ukali wa mwinuko. Anayeteremka huenda karibu sawa na magari. Kwa hiyo, pale ambapo barabara ni nyembamba na fedha ni kidogo, mita moja na nusu ya ziada ina faida kubwa zaidi ikiwekwa upande wa kupanda. Jiji la Seattle huko Marekani, ambalo lina vilima vikali, limechora njia za baiskeli upande wa kupanda peke yake katika baadhi ya mitaa yake. Mji wa Trondheim nchini Norway ulikwenda mbali zaidi: tangu 1993 una mtambo kando ya barabara unaosukuma mguu wa mwendesha baiskeli na kumpandisha mita 130 za kilima. Kwetu si lazima mtambo. Bega la lami lisilo na mashimo lingetosha, na wahandisi wanaotandika lami ya miteremko ya Kigoma, Rusizi au Kabale wangeweza kulichora leo kwenye ramani zao.

Badala yake, desturi ya miji mingi imekuwa kumwondoa mwenye baiskeli. Machi 2022 wakuu wa Burundi walipiga marufuku baiskeli za biashara, pamoja na pikipiki na bajaji, kuingia katikati ya Bujumbura. Kisha uhaba wa mafuta ukazidi kuibana nchi hiyo, foleni zikajipanga kwenye vituo vya petroli kutwa kucha, na watu wakatembea. Chombo kisichohitaji hata tone la petroli kilikuwa kimefukuzwa mlangoni. Ule ulikuwa uamuzi mbaya, na miji mingine isiuige.

Nchi za Afrika Mashariki zina nafasi ya kufanya jambo dogo na la maana. Mataifa kadhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki husoma bajeti zao mwezi Juni, na kila mwaka hutangaza bidhaa zinazopunguziwa au kuondolewa ushuru. Mawaziri wa fedha wa Rwanda, Burundi, Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo waweke kwenye orodha hiyo baiskeli za mizigo zenye gia, na friwili, cheni na vitovu vyenye gia vinavyoweza kufungwa kwenye fremu za zamani. Vyuo vya ufundi stadi viingize somo la gia za baiskeli pamoja na yale ya pikipiki. Kigali iliyofunga barabara zake kwa wiki nzima kwa ajili ya Pogačar na wenzake ianze: kipande cha kwanza cha bega la kupandia kichorwe Nyamirambo, kutoka chini hadi juu Kwa Mutwe.